Wasichana Kumi na Wawili

Fundi cherehani alikuwa na binti mmoja wa miaka kumi, asiyejua kutulia tangu alipoanza kutembea, ndiyo maana wakambandika jina la Panzi. Alijifunza jimnastiki kwa kocha mmoja mwenye kelele, ndani ya ghala lenye magodoro yaliyochanika. Kocha huyo alifoka, akacheka, akafoka tena. Baada ya mashindano ya watoto, mwanamke mpole wa klabu kubwa ya upande wa pili wa mji alimfuata fundi huyo, mama yake Panzi.

"Mtoto ana kipaji, ila pale anapotea bure. Nipe wiki moja tu. Asipopenda, mchukue."

Baba mtu hakuona ubaya. "Kuonja si kununua," alisema.

Kocha wa ghalani alikuna kichwa. "Siwezi kumfunga kamba. Lakini nenda ukajionee mwenyewe, dada. Usitosheke na maneno ya mtoto."

Siku tatu za kwanza Panzi alirudi kimya. Alikula, akaosha sahani yake, akaketi mgongo wima kama rula.

"Kukoje huko, mwanangu?"

"Kuzuri, mama."

Alijibu akitabasamu, na tabasamu likabaki pale pale usoni hata alipokwenda kulala.

Siku ya nne mama alifunika cherehani mchana, akaenda bila kumwambia mtu.

Ukumbi ulikuwa mpana, unang'aa, na hakuna aliyesema neno. Wasichana kumi na wawili walikuwa wakiruka, lakini walipotua hakikusikika kishindo. Walivaa sare moja, fundo moja la nywele, tabasamu moja. Mmoja aliteleza kwenye ubao mwembamba wa kusawazishia mwili, akaangukia kiwiko. Kitu kikalia ko! Hakuna aliyegeuka. Akainuka, mkono ukining'inia, akapanda tena huku akitabasamu.

Mama akasogea mbele. Akamtafuta mwanawe. Mtoto aliyembeba tumboni miezi tisa, leo hamjui ni yupi!

"Panzi!"

Vichwa kumi na viwili vikageuka kwa pamoja.

"Hapa hatutumii majina ya nyumbani, mama," alisema yule mwanamke kwa upole, nyuma yake kabisa. Hakuwa amemsikia akija.

Mama akapiga moyo konde. Akapita mbele yao, akishika mikono yao mmoja baada ya mwingine. Yote ilikuwa baridi kama bomba la maji asubuhi. Wa tisa, vidole vilimtetemeka kidogo. Mama akavikamata, akatoka naye bila kuaga, miguu mitupu vivyo hivyo. Hakuna aliyewazuia.

Walikuwa wamekwisha kuvuka barabara mbili ndipo mtoto aliposema, "Mama, nilisikia unaita. Sikujua kama ni mimi."

Panzi akarudi ghalani. Ilimchukua majuma mawili kuacha kuamka usiku na kusimama wima kando ya kitanda. Katika mashindano yaliyofuata alishika nafasi ya nne. Tatu za juu zilichukuliwa na wale wa klabu kubwa. Alinuna siku mbili nzima.

"Ningebaki kule ningeshinda?" aliuliza akiwa amekaa chini, miongoni mwa vipande vya vitambaa.

Mama alisimamisha mashine. Angeweza kumdanganya.

"Nadhani ungeshinda," alisema.

Panzi akaomba mkasi, akaanza kukata nyuzi.