Mgongo wa Dorosela

Oliva alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuvumilia kuona mgongo wa mtu mbele yake. Filimbi ikilia tu, huyo, kama mbuzi aliyekuta shamba la mahindi halina mlinzi. Mara mbili aliongoza mbio za mita elfu moja na mia tano tangu mwanzo, na mara mbili Dorosela wa Makambako akampita zikiwa zimebaki mita mia mbili, bila hata kuaga.

Safari hii ilikuwa ya mwisho. Oliva alikuwa kidato cha nne, na mkoa ungepeleka taifani msichana mmoja tu, yule atakayeshinda. Wa pili angepigiwa makofi, kisha arudi nyumbani kupalilia viazi.

"Wewe kazi yako ni kumkingia mwenzako upepo," bibi yake, Bertila, alimwambia siku moja kabla ya mbio. Walikuwa wametoka Njombe asubuhi ile, na sasa walirudi toka sokoni Makambako kwenda kwa shangazi. "Hebu pita nyuma ya mama Emilia."

Mama Emilia, jirani wa shangazi, alitangulia na ndoo kichwani, na Mungu hakumbania mwili. Upepo ulikuwa unawachapa usoni, ule wa kule unaoondoka na mabati ya watu. Oliva akajibanza nyuma yake. Ghafla kukawa shwari, hata khanga ikatulia.

"Nawasikia huko!" mama Emilia akasema. "Mmenigeuza ukuta?"

"Ukuta wapi, mwanangu. Wewe ni nyumba na stoo yake," Bibi akajibu, kisha akamgeukia mjukuu. "Kesho unajificha hivihivi. Nitakaa kwenye kona ya mwisho nikiuza viazi vyangu. Usimpite mtu mpaka unione nimesimama."

"Na Dorosela akikataa kutangulia?"

"Huyo niachie mimi."

Asubuhi Bibi alijifungia jikoni na Oliva, akakaanga pilipili kavu mpaka machozi yakawatoka. Oliva alikohoa tangu chai hadi kiwanjani.

Pale kiwanjani alimkuta Bibi ameshamkamata mwalimu Methusela, anayemfundisha Dorosela kukimbia.

"Kamwene, mwalimu. Nina ombi. Mjukuu wangu anakohoa tangu asubuhi, msikie mwenyewe. Mwambie binti yako aende taratibu, mwenzake asije akazimia mbele za watu."

Oliva akakohoa. Hakukusudia, pilipili bado ilikuwa kooni. Methusela akatoa pole nzito ya msibani, akageuka, na papo hapo akamnong'oneza Dorosela huku amekunja ngumi: "Mmalize mapema!"

Filimbi ikalia, Dorosela akachomoka. Oliva akamfuata na kujibana nyuma ya mabega yale mapana, hatua moja tu. Kila walipoingia upande wa uwanja unaotazama reli, upepo ulimpiga Dorosela kifuani, na Oliva aliusikia ukipita juu ya masikio yake tu. Mzunguko wa kwanza, wa pili. Miguu ilimwasha. Ilitaka mbele, ilimtukana. Naye akaitukana, akabaki palepale. Wengine wote walishaachwa mbali.

Kengele ya mzunguko wa mwisho ikagongwa. Wakazunguka hivyohivyo mpaka wakaingia kona ya mwisho. Oliva akamtazama Bibi.

Bibi alikuwa amekaa. Amekaa kabisa, juu ya ndoo aliyoipindua, ameshika goti, mdomo wazi.

Simama basi! Oliva aliomba kimoyomoyo. Bibi hakusimama. Lakini pale mbele yake mabega ya Dorosela yalianza kuyumba, kulia, kushoto, kama lori lililozidishiwa mbao. Oliva akayatazama hatua tatu. Hakungoja ruhusa ya mtu. Akatoka pembeni na kuifungulia miguu yake.

Walifika kwenye utepe wakiwa bega kwa bega. Kifua cha Oliva ndicho kilichougusa kwanza.

"Kumbe ulikuwepo!" Dorosela alisema, amelala chali kwenye nyasi. "Mimi nilijua umeanguka zamani."

"Nilikuwa kwako, nimepanga chumba," Oliva akajibu, wakacheka mpaka pumzi ikawaishia tena.

Alipomfikia Bibi, alimkuta bado juu ya ndoo.

"Bibi, mbona hukusimama?"

"Mguu ulikufa ganzi, mama. Nilijaribu, ukagoma. Nikasema leo nimemuua mtoto wa watu."

Methusela naye akaja mbio, uso umemvimba. "Bibi, ulisema mjukuu wako anakohoa!"

"Si ulimsikia kwa masikio yako? Kaa kwanza, mwalimu, una njaa." Akamchagulia kiazi kikubwa cha moto, akakipaka pilipili ya asubuhi kwa ukarimu.

Methusela akang'ata. Akakohoa mpaka kofia ikaanguka.

"Umeona?" Bibi akamwambia, akimpigapiga mgongoni. "Kikohozi cha namna hiyo hakizuii mtu kukimbia. Jaribu hata mzunguko mmoja."