Figili Kabla ya Zege

Mume wangu ni fundi mwashi, na mwashi akikaa siku tatu bila kazi, mikono inamwasha. Safari hii ilimwasha uani. Nyuma ya jikoni tulikuwa na kipande cha udongo kisichozidi upana wa shuka mbili, naye akaamua kukimwagia zege ili tusikanyage tope. Lori la mchanga na kokoto alishaliagiza: mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi.

Damu ikanichemka. Udongo wenyewe sikuwa na habari nao, mimi ni fundi cherehani. Niliumia kwa ajili ya mama mkwe. Mama alihamia kwetu baada ya kuvunjika nyonga, akaiacha bustani yake, akawa anashinda kwenye kiti cha dirishani akikitazama kile kipande. Daktari alimwambia atembee. Mama akamuuliza, atembee aende wapi? Nilijua kabisa kwamba zege likishamwagwa pale, hatainuka tena kwenye kile kiti.

"Nipe mwezi huu," nikamwambia mume wangu. "Nikikulisha kitu kilichoota pale kabla lori halijafika, zege lako utalipeleka kwingine."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Wewe? Wewe uliyekausha hata ua la plastiki?"

Ua lile lilipitiwa na pasi, halikuwa kosa langu, lakini sikubishana. Nikatoka mbio hadi kwa muuza mbegu. Akaniambia kinachowahi kuliko vyote ni figili: wiki nne tu unang'oa, nje nyekundu, ndani nyeupe, ukali wake unapanda puani.

Sasa, mimi kitu ninachokijua duniani ni kimoja: mshono imara hauachi nafasi. Nikavuta uzi kutoka kigingi hadi kigingi, nikachora mstari kwa ncha ya mkasi, nikapanga mbegu punje kwa punje zikigusana. Mistari sita, imenyooka huwezi kuitoa kasoro. Siku ya nne zikachipua zote! Nilipiga kigelegele hadi mteja niliyekuwa nikimpima kiuno akaruka na pini zake.

Mama akachungulia dirishani. "Mwanangu, umepanda au umedarizi?"

"Si zimependeza, mama?"

"Zimependeza sana, na hutakula hata moja. Zimebanana hivyo zitavimbia wapi? Ng'oa. Kati ya mche na mche acha vidole vitatu."

Nikauchuchumalia mche wa kwanza, nikaushika, machozi yakanilenga. Ulikuwa na vijani viwili tu, vimekaa kama vinaniomba radhi. "Siwezi, mama."

Mama akashusha pumzi ndefu. "Lete fimbo yangu."

Nilimshika kwapa, tukavuka kizingiti, tukapumzika, tukashuka ngazi moja, tukapumzika tena. Nikamgeuzia ndoo akakalia, akaanza kung'oa bila huruma. Mimi nikatazama nafasi anazoacha, na akili ikanifunguka.

"Vifungo!" nikapiga kelele. "Mama, hizi si ndizo nafasi za vifungo vya shati la mtoto?"

"Basi shona shati, mradi ung'oe."

Tukacheka hadi ndoo ikayumba. Nikachukua futi yangu ya kupimia nguo, nikang'oa mistari mitano kwa kipimo. Ule wa sita, wa ukutani, sikuugusa. Ulikuwa mshono mzuri mno. Mama alipoingia ndani nilimwambia nimemaliza, na ile miche iliyong'olewa tukaila na chumvi na ndimu.

Tangu siku hiyo kila asubuhi mama alishuka na fimbo yake, nami nimemshika kwapa, kumwagilia kidogo na kunigombeza sana. Nilifurahi kugombezwa kuliko kusifiwa.

Siku ikafika. Lori likapiga honi nje. Mume wangu akaingia uani na mwiko wake wa uashi mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye mstari wa ukutani, maana huo ndio uliokuwa na majani marefu kuliko yote. Akavuta. Chini kukatoka kamzizi kembamba. Akavuta mche wa pili, wa tatu, hali ni ile ile.

"Fundi cherehani amevuna uzi!" akasema, akaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Dereva akapiga honi tena.

Fimbo ikagonga kizingitini nyuma yetu. "Wewe mtoto, toka hapo," mama akasema. "Huo ni mstari wa mkeo. Nilijua hakuung'oa, nikamwachia ajionee."

Akapita katikati yetu bila kushikwa na mtu. Akainama, akavuta kwenye mstari wa pili. Ikatoka figili nyekundu, mviringo, kubwa kama yai. Akavuta nyingine. Akavuta nyingine! Nikaruka peku uani kama niliyekanyaga siafu, nikatoka nje nikamkumbatia hata dereva wa lori, maskini, asijue amekosa nini.

Niliporudi, mume wangu alikuwa ameifuta moja kwenye suruali na kuing'ata. Macho yalimjaa machozi. Alisema ni ukali, lakini hakuwa akiitazama figili. Alikuwa akitazama kutoka mlangoni hadi miguuni kwa mama.

"Mama, umefika hapa peke yako?"

"Nimeruka, hukuniona? Sasa sikiliza. Simenti yako utaimwaga, lakini ni njia tu, kutoka mlangoni hadi hapa kwenye tuta. Upana wake mimi na fimbo yangu. Ukizidisha hata kidole, utanitambua." Kisha akanigeukia. "Na wewe, futi yako iko wapi?"

Nikapiga magoti nikampima, kutoka mguuni hadi kwenye fimbo, naye akasimama wima kama anayepimwa gauni la harusi. Mume wangu akaandika kipimo ukutani kwa penseli, huku akitafuna figili ya tatu.