Pole Isiyo na Kosa

Mtaani walimpa jina la Bi Kioo, kwa sababu kutwa alikuwa akiongea na kioo cha kompyuta, akicheka nacho na kukisahihisha matamshi. Hakulichukia jina hilo. Huu ulikuwa mwaka wa nne tangu aache kufundisha shule, na muda wote huo alikula na kuvaa kwa kazi moja tu: kuwafundisha Kiswahili watu walio mbali, kupitia mtandao. Kila asubuhi aliamka akishukuru, jambo ambalo enzi za kengele na chaki lilimshinda kabisa.

Darasa lake lilikuwa chumba chake cha kulala. Kompyuta ilikaa juu ya meza ya cherehani, imeinuliwa kwa kamusi mbili na albamu ya harusi ya dada yake, ili kamera imtazame usoni na si puani. Nyuma ya mlango alitundika blanketi la kuzuia kelele, na mbele yake akabandika karatasi: KIMYA, DARASA LINAENDELEA. Watu wote waliiheshimu karatasi hiyo isipokuwa mama yake, aliyekuwa akiishi naye, na aliyesema kwamba mtu aliyezaa haamrishwi na karatasi.

Kazi, kwa Mama, ni mahali mtu anapokwenda amevaa viatu. Bi Kioo alifundisha amevaa blauzi ya heshima juu na kandambili chini. Siku alipoacha shule, Mama aliacha kumwita Mwalimu kama alivyozoea, akarudi kumwita "wewe mtoto". Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka thelathini na sita.

Basi mwezi uliopita, tovuti iliyokuwa ikimletea wanafunzi ikafungwa bila hata kuaga. Kati ya wanafunzi ishirini wakabaki saba. Mama hakulaza damu, alimpigia simu mdogo wake, na huyo Mjomba akamtafutia Bi Kioo nafasi ya mapokezi katika ofisi ya rafiki yake. Jibu lilitakiwa leo, saa sita mchana.

"Kazi mbaya si mchezo mwema," Mama alisema wakati wa chai. "Na hizo mbio zako za sakafuni, wewe mtoto, ukingo wenyewe ndio huu."

"Niachie asubuhi hii moja tu, Mama."

Asubuhi hiyo alikuwa ameipata kwa wema wa mtu. Mwanafunzi wake wa kwanza, dereva wa treni mstaafu aliyejifunza Kiswahili ili aweze kuongea na mkwewe, alikuwa akitibiwa goti, na kila alipotibiwa alimsifia mwalimu wake mpaka muuguzi mkuu wa wodi akaomba somo moja la majaribio. Wodi yake ilikuwa na wagonjwa wengi wanaozungumza Kiswahili. Akiridhika, atawaleta wauguzi wenzake wote. Asiporidhika, Bi Kioo atavaa viatu.

Saa nne kamili muuguzi akatokea kwenye kioo, mwanamke mpana mwenye miwani shingoni. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole lakini kilisimama.

"Mwalimu, mimi nina swali moja," alisema. "Mzee mmoja alivunjika nyonga. Alilia kwa maumivu. Nikashika mkono wake, nikasema, 'Samahani, baba. Samahani sana.' Mke wake akapiga kelele. Akaita watoto. Wakaja wanaume wanne, wakauliza nimemfanya nini baba yao. Mpaka leo, kila sindano wanaisimamia. Nilikosea wapi?"

Bi Kioo alibana kicheko, kwa maana kicheko siku ya majaribio kingemponza. Aliliona kosa mara moja. Lakini badala ya kulijibu swali kama mtu, alilijibu kama mtu anayetafuta kazi. Alifungua jedwali lenye rangi tatu, akaeleza asili ya "samahani", akaeleza matumizi ya "pole", akaanza kugusia vitenzi.

Muuguzi alivaa miwani, akaivua. "Sielewi. Kama sikufanya kosa, kwa nini niseme kitu? Na kama nimefanya, kwa nini nisiombe msamaha?"

Bi Kioo akarudia jedwali kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba muuguzi alikuwa kiziwi. Akamwona anatupia jicho saa ya mkononi. Akaanza kukumbuka viatu vyake vyeusi viko wapi.

Hapo ukasikika mshindo jikoni, kisha sauti ya Mama ikiwataja marehemu wote wa ukoo. Mlango ukafunguliwa, blanketi likaanguka, na Mama akaingia amekumbatia kidole.

"Hiyo droo uliyosema utaitengeneza tangu juzi imenibana. Nusura ining'oe kidole."

"Mama, niko darasani," Bi Kioo alisema huku amebana meno.

Kisha kutoka kwenye kioo ikatoka sauti ya polepole: "Pole, mama."

Mama akatazama huku na huku, akauona ule uso mpana. "Nimeshapoa, mwanangu," akajibu, kama mtu aliyesalimiwa dirishani. Akavuta kiti, akakiinua kidole mbele ya kamera. Muuguzi akasogea. Alimwambia akikunje, akikunjue, akiweke kwenye maji baridi. Hakijavunjika.

"Umeona huyu?" Mama alimgeukia binti yake. "Mimi hanijui, droo haijui, na pole amenipa. Wewe niliyekuzaa unaniambia uko darasani."

Bi Kioo aliona haya mpaka masikio yakawaka. Yeye mwenye jedwali la rangi tatu ndiye aliyelisahau neno lenyewe. "Pole, Mama," alisema, na safari hii alimaanisha.

"Yako imechelewa, lakini naipokea." Mama akarudi kwenye kamera. "Sikiliza, mwanangu. Mtu akiumia, pole. Akichoka, pole. Akifiwa, akitoka safari, akibeba mzigo, pole. Hakuna anayeuliza nani kakosa. Unamwambia tu kwamba umemwona."

Muuguzi akaandika. "Kwa hiyo yule mzee nilimwambia kosa ni langu. Ningemwambia nimemwona."

"Hapo umelipata," alisema Bi Kioo, na jedwali akalifunga.

Walisoma nusu saa zaidi, watatu, bila kitabu. Mwishowe muuguzi akasema angewaleta wenzake kumi na mmoja, kuanzia Jumatatu, mara tatu kwa wiki. Alikuwa na ombi moja: mama naye awepo, awe mgonjwa wao wa mazoezi.

"Ugonjwa gani?" Mama aliuliza, kwa makini.

"Wowote unaopenda."

"Basi nianze na mgongo. Huo ninaujua."

Kioo kilipozimika, Bi Kioo alimwandikia dereva wa treni mistari miwili ya shukrani, akaifuta, akaandika kumi. Alikuwa bado anaandika pale simu ya Mjomba ilipoita sebuleni, saa sita kasoro. Mama aliipokea kwa mkono mzima.

"Mdogo wangu, pole."

"Pole ya nini?" Sauti ya Mjomba ilisikika mpaka chumbani. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Pole kwa kuhangaika. Mshukuru sana rafiki yako, hiyo nafasi ampe mwenye shida nayo. Mwalimu ana kazi. Na mimi kuanzia Jumatatu ni mgonjwa."

"Mgonjwa? Dada, unaumwa nini?"

Mama akaanza kumweleza, taratibu, tangu droo. Chumbani, Bi Kioo alikuwa amesimama na kandambili zake, akilisikiliza lile neno, Mwalimu, ambalo Mama hakumwita tangu aache shule. Alifuta macho kwa mkono wa blauzi ya heshima, akaenda kutafuta bisibisi.