Chupa Kumi na Mbili Zinazofanana

Baba alifanya kazi miaka thelathini katika bohari ya vinywaji, upande wa kuosha chupa zinazorudishwa. Alipostaafu, kazi ilimfuata nyumbani. Chupa ya kioo ikishaingia mlangoni kwetu haikutoka tena. Aliiloweka kwenye ndoo ya maji moto yenye majivu, akabandua karatasi yake, akaisugua ndani kwa mchanga laini, kisha akaianika kichwa chini juu ya vijiti alivyochomeka uani. Ikikauka, aliipa kazi. Na iliyopata kazi ilipata jina.

Chupa ya sukari ilikuwa nene, imemeguka mdomoni, akaiita Kibogoyo. Ya chumvi ilikuwa na pembe nne, hiyo ni Sajini. Ya mafuta ya kupikia ilibonyea katikati, akaiita Bi Kiuno. Mama alikuwa akisema huyo ndiye mke mwenzake, tatizo lake hajui kufua.

Kisha Mama akapata kiharusi. Upande wa kushoto ukalala, ulimi ukabaki. Baba akawa mpishi, muuguzi na mfuaji. Daktari alimkataza Mama chumvi kwa sababu ya presha, na Baba alikuwa ameshakatazwa sukari zamani. Mama alisema nyumba yao sasa imebakiwa na pilipili tu.

Kaka yangu ndiye aliyeanzisha maneno ya kuwagawa. Mama aende kwake, karibu na hospitali. Baba aje kwangu, safari ya siku nzima kwa basi. Alisema mmoja hainuki na mwingine macho yake si ya kuaminika. Nilimjibu kwamba macho ya Baba yana ukungu kidogo tu, kama Baba mwenyewe alivyotuambia. Mwisho tukapatana niende nikakae nao wiki mbili bila kumsaidia Baba kupika. Nikirudi na kusema anaweza, kaka asingelitaja tena jambo hilo.

Walikuwa wameishi pamoja miaka arobaini na sita. Nilifunga siku mbili nikimwomba Mungu wasitenganishwe. Nilimwomba pia anionyeshe la kufanya, na nilipopata wazo nikaamini limetoka kwake.

Mwaka huo nilikuwa nasoma darasa la jioni. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu, na ndiyo kwanza najua kuandika. Nilikusanya chupa kumi na mbili za jamu, kimo kimoja, vifuniko vyekundu, nikaziosha kwa majivu kama Baba alivyonifundisha. Nikakata karatasi kumi na mbili, na kwa herufi kubwa nikaandika: CHUMVI, DENGU, KAHAWA, MAHARAGE, mpaka UNGA. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza niliyowahi kuwaandikia wazazi wangu.

Siku tatu za kwanza Baba alipika bila kukosea hata mara moja. Mkono wake ulikwenda rafuni kama mtu anayesalimia watu anaowajua. Hapo ndipo ningepaswa kumpigia kaka simu. Lakini niliitazama ile rafu, chupa za kila umbo zimesongamana, nikaona aibu. Nikasema kaka akija ataiona hii kwanza.

Siku ya nne, Baba akiwa chumbani anamwogesha Mama, nilihamisha kila kitu kwenye chupa zangu. Za zamani nikazitia guniani na kumpa mnunuzi wa vioo vibovu aliyekuwa akipita na mkokoteni wake.

Baba alipotoka nilimwekea chupa moja mkononi. Alipitisha kidole gumba juu ya karatasi, taratibu, mstari mzima. Nilidhani anasoma.

"Umeandika mwenyewe, mama?"

Nikasema ndiyo.

"Mwandiko mzuri. Mungu akubariki."

Akakaa kwenye kigoda. Akaniuliza zile nyingine ziko wapi. Nikamwambia zimeondoka. Akauliza kama Kibogoyo naye. Nikasema naye pia, na nikacheka, kwa sababu nilifikiri tunataniana.

Jioni hiyo nilimwona amesimama rafuni akifungua kifuniko kimoja kimoja, akichovya ncha ya kidole na kuonja, kisha akizipanga upya. Sukari ya kwanza kushoto, chumvi mwisho kabisa kulia. Nilimwacha. Kesho yake aliponyoosha mgongo nikafuta vumbi rafuni, nikaona chupa zimekaa ovyo, nikazirudisha kwa mpango wa herufi tulivyofundishwa darasani. Chumvi ikawa ya kwanza.

Baba hakuwahi kuonja uji wa Mama, kwa kuwa alikatazwa sukari. Chakula cha jioni hakikutiwa chumvi kwa ajili ya Mama, wala sukari. Unga na nafaka alivitambua kwa kidole, lakini chumvi na sukari zinafanana mkononi. Kwa hiyo hakuna kilichomwambia kitu.

Asubuhi nne mfululizo alimpelekea Mama kikombe chake, na mimi nilisimama mlangoni nikishukuru kimoyomoyo. Mara moja nilimuuliza Mama kama uji ni mzuri.

"Uji wa mzee wangu lini ukawa mbaya," alisema, akanywa mpaka nusu. Kisha akaomba maji. Siku hizo aliomba maji mengi. Nikasema ni joto.

Asubuhi ya tano kikombe kilimponyoka na mdomo ukapinda. Jirani alitupeleka hospitali kwa gari lake. Baba akabaki huko ameshika ukingo wa kitanda, mimi nikarudi kuchukua nguo. Uji ulikuwa umemwagika sakafuni, umeanza kukauka. Nilipoufuta nikaona umeacha weupe wa ajabu. Nikalamba kidole. Ilikuwa chumvi tupu.

Nilichukua ile chupa ya kwanza kushoto rafuni, yenye karatasi ya CHUMVI, nikarudi nayo hospitali. Nikamwekea Baba mkononi na kumuuliza imeandikwa nini. Akanirudishia.

"Sioni kitu tangu mvua za mwaka juzi," alisema. "Mama yako anajua. Alisema mkijua mtatugawa."

Nikatoka mbio hadi uwanja wa vioo vibovu. Mnunuzi hakunikataza kutafuta. Kulikuwa na mapipa matatu: vipande vyeupe, vya kijani na vya kahawia. Vyote vilikuwa vimeshapondwa tayari kwa tanuri. Nilidhani nimeona pembe ya Sajini, lakini vipande vya pembe vilikuwa vingi.

Mama hakufa. Ulimi ndio ulioondoka mara hii. Kaka alikuja na hakunigombeza. Alisema tu, "Dada, sasa umeona," na akaenda kuzungumza na daktari kuhusu gari la kumbeba.

Siku ya kuachana, Baba alimpapasa Mama uso kuanzia paji hadi kidevuni, akarudi juu, akashuka tena. Alikaa sana pale mdomo ulipopinda, kwa sababu hapo palikuwa pageni kwake. Mama alinitazama mimi. Midomo yake ilifanya neno, ikalirudia. Nilimsogelea nikamwomba alirudie tena, lakini sikulipata, na hadi leo sijui alitaka kuniambia nini.

Baba yuko kwangu sasa. Anakaa ukumbini karibu na mlango, anauliza saa. Ninasali asubuhi na jioni, na nikifika mahali pa kuomba nanyamaza, kwa sababu niliomba nikapewa wazo.

Mwezi uliopita nilitafuta chupa zenye maumbo tofauti, nene, nyembamba, za pembe. Nikaziloweka kwenye majivu, nikazisugua kwa mchanga. Nikampa Baba moja aizoee. Ilikuwa nene kama Kibogoyo, ila mdomo wake mzima.

"Hii ya nini?" aliuliza.

"Ya sukari, Baba."

Aliizungusha mkononi, akatafuta mahali palipomeguka, akapakosa.

"Sukari ya nani, mama? Mimi nimekatazwa."

Akainama, akaiweka sakafuni taratibu, mbali kidogo na miguu yake, ili asije akaipiga teke.