Ruti Namwinga, Mdai

Mama alifariki Jumanne asubuhi, na kahawa aliyoianika Igamba ilishinda juani bila mtu wa kuigeuza.

Aliitwa Ruti. Alikuwa akisema kwamba mwaka 1974, akiwa na mimba yangu, aliwashtaki kaka zake kwa kumnyima shamba la baba yao, akashinda. Mjomba Rabson alisema hapakuwa na kesi yoyote, walimwachia shamba kwa huruma. Nimekua katikati ya maneno hayo mawili. Tulipomaliza matanga wiki iliyofuata, nikataka kujua: je, alisimama kweli mbele ya hakimu? Alisema nini?

Pale mahakama ya mwanzo walikuwa wakichambua majalada ya zamani. Yenye historia yalikuwa yanafungwa kwenye maboksi yapelekwe nyaraka za taifa. Mengine yangechomwa Ijumaa. Mimi nilifika Jumatano, pamoja na mama mdogo Erica.

Sebastian, karani wa masjala, mwenyeji wa Bukoba, alifungua rejista ya wadai.

"Jina?"

"Ruti Simwinga," nikasema, kama lilivyo kwenye kitambulisho chake.

Alishuka na kidole herufi S yote. "Yupo Simwinga wa mbuzi. Yupo wa mpaka wa shamba. Ruti hayupo, dada."

Mama mdogo akacheka pale kwenye benchi. "Simwinga ni baba. Sisi mabinti ni Namwinga. Mmesoma mpaka kidato cha nne mkawa wanaume."

"Lakini mama, kitambulisho..."

"Kitambulisho kimekuja juzi."

Sebastian akainua macho. "Kwa hiyo mtu na kaka yake wana majina mawili?"

"Jogoo na mtetea ni kuku wale wale, karani. Fungua N."

Alifungua N. Ruti Namwinga dhidi ya Rabson Simwinga na mwenzake, 1974. Jalada lenyewe tulilitoa kwenye gunia la kuchomwa.

Nililisoma nimesimama. Mzee wa baraza alimwuliza: "Umeolewa mbali, kijiji cha Mpemba. Utaibeba mikahawa kichwani?" Chini yake karani wa wakati ule aliandika: "Mdai: Sitaibeba. Mashimo yake nilichimba mimi, njia ya kuirudia naijua."

Nikarudia kusoma. Mama niliyemjua hakubishana na mtu, hata sokoni.

"Nikae nalo nyumbani," nikamwomba Sebastian.

"Haiwezekani, ni mali ya umma. Ila nikipata sababu ya kulitunza, haliendi motoni." Akanisogezea fomu.

Nikaandika: Binti alidai shamba la baba yake, mahakama ikampa.

"Na jina andika lote," akasema mama mdogo. "Wasije wakampoteza tena."

Sasa jalada liko kwenye boksi namba 31. Anayetaka kulisoma anaandika barua ya maombi, na kujibiwa huchukua wiki mbili.