Kivuli Ndani ya Saluni

Asubuhi hiyo msusi alifungua saluni, akapanga vitana, akakuta kivuli cha mti kimeshaingia. Kimelala juu ya kochi la wateja, majani yanachezacheza ukutani, ingawa mti wenyewe ulikatwa jana yake ukapakiwa kwenye lori.

"Leo kwako kuna ubaridi mzuri," alisema mteja wa kwanza, akavua mtandio, akakaa.

Mti ule ulikuwa mbele ya mlango, umekiziba kibao cha saluni. Msusi aliulalamikia weee, mpaka akachoka. Ndipo akaanza kuumwagia mabaki ya dawa ya kulainisha nywele, kila jioni, kama mtu anayemwaga maji machafu tu. Ulipokauka, mtaa ulitaka wa kulaumiwa. Fundi viatu alikuwa akifanyia kazi chini yake, na gundi zake na rangi zake, nani mwingine? Wakamtukana, wakamtupia kigoda chake barabarani. Msusi alikuwepo. Alijifanya anatafuta kitana.

Sasa kibao kinaonekana mpaka kule kona, na kivuli hakiondoki. Wateja wameongezeka, jamani! Wengine hata hawasuki, wanakuja kupunga upepo. Ndege wanalia darini, na msusi anafagia vinyesi vyao huku akitaniana na wateja. Lakini aibu inamtafuna. Usiku halali vizuri.

Mchana mmoja akapita fundi viatu. Siku hizi anatembeza kazi juani, sanduku begani, midomo imemkauka.

"Dada, naomba nipumzike kidogo."

"Karibu, kaka."

Alipokaa, kivuli kilijikusanya chote, kikamfunika mpaka miguuni. Saluni nzima ikawa nyeupe kwa mwanga.

"Basi zima taa, dada," alisema mteja aliyekuwa akisukwa. "Umeme wenyewe ghali."

Msusi akazima taa, akamletea fundi maji.

"Nakushukuru," fundi alisema. "Siku ile mtaa mzima ulinisema. Wewe peke yako ulinyamaza. Sijasahau."

Msusi alihisi uso unamwaka. Maneno yalimfika kooni: ni mimi. Akayameza.

"Aa, kitu kidogo tu hicho, kaka."

Fundi akamaliza maji, akajitwika sanduku. Pale mlangoni aligeuka, akamwombea baraka yeye na wanawe, kisha akatoka juani.

"Amina," wakaitikia wateja, na msusi akaitikia pamoja nao.