Wakuu Kwanza

Kijijini kwetu, kusini mwa kisiwa cha Upolu, mkuu hatanguliwi. Kava, kinywaji chetu cha mizizi, ikinywewa, anaanza yeye. Chakula kikipakuliwa, gimbi la kwanza ni lake. Basi dawa za matende zilipokuja, mimi Fuatino, mwenyekiti wa kamati ya akina mama, nilipanga foleni kama mtu aliyelelewa: wakuu wote siku ya kwanza, kijiji kizima kesho yake. Nesi Lusia akawapima uzito, akawapa dawa za aina tatu kwa mpigo mmoja, akawaambia wapanue vinywa aone kama wamemeza. Wakapanua. Nililala nikijisifu, na sioni haya kusema hivyo.

Kulipokucha, wakuu karibu wote walikuwa chini kwa homa.

Baba yangu, Tuiloa, ndiye msemaji wa kijiji, mwenye fimbo ya kusimamia anapohutubia. Asubuhi ile alikuwa amejikunja mkekani, jasho linamtiririka, na palipomuuma zaidi ni pale ambapo baba hamtajii binti yake. Aliniamuru nishushe mikeka ya pembeni. Nyumba zetu hazina kuta, na ukishusha mikeka mchana kweupe kila mpita njia anajua una la kuficha.

Shangazi Pisaina hakukawia. Alisimama njiani, mikono kiunoni.

"We Fuatino! Umewafanya nini wazee wetu?"

"Ni homa tu, shangazi. Itapita."

"Homa tu! Dawa moja ni dawa. Tatu tumboni kwa pamoja ni sumu, hata nguruwe wangu anajua. Mimi na wanangu hutuoni leo. Na wenzangu wote nimeshawaambia."

"Kumbe hukuja kuuliza, umekuja kutangaza!"

"Nimekuja kukuonea huruma, mwenyekiti."

Nilimjibu neno ambalo mchungaji asingependa kulisikia, lakini moyoni niliogopa. Mama yangu alizikwa na mguu wa matende. Miaka yake ya mwisho alisikiliza nyimbo za kanisa akiwa nyumbani, maana mguu ulikataa kumfikisha. Na mbu wanaoeneza ugonjwa huo ni wale wale. Kijiji kikikataa dawa leo, mmoja wa watoto waliokuwa wakikimbizana pale uwanjani angekuja kuburuta mguu kama ule, na chanzo ningekuwa mimi.

Nesi Lusia aliingia, akanong'onezana na baba huku mimi nikitazama baharini kwa adabu. Kisha akapaza sauti.

"Mzee, si sumu. Dawa hizi zimejaribiwa kwa maelfu ya watu kabla ya kufika hapa. Waliomeza mbili na waliomeza tatu, homa zao hazikupishana sana. Anayeumwa zaidi ni yule mwenye minyoo ya matende, kwa sababu inamfia mwilini. Na wanaume watu wazima ndio mnaoifuga zaidi."

Baba akafungua jicho moja. "Yaani binti yangu amewakusanya wenye minyoo wote, akawaweka mbele."

"Kwa heshima zote, mzee," Lusia akasema, akibana kicheko.

Ndipo nilipoelewa. Ningewachanganya wazee na vijana, homa zingetawanyika na hakuna ambaye angeshtuka. Adabu yangu ndiyo iliyotuponza.

"Baba, waambie watu."

"Niwaambie Tuiloa anaumwa wapi? Mbele ya Pisaina?"

"Mficha uchi hazai, baba."

"Usinifundishe methali. Methali ni kazi yangu."

"Haya. Ulipochanjwa chale zako, kutoka kiunoni mpaka magotini, ulikimbia katikati?"

Aliinuka kwa kiwiko, macho yakiwaka. "Nani kasema nilikimbia? Anayekimbia hubaki na chale nusu, aibu mpaka kaburini!"

"Leo kijiji kizima kinataka kubaki na chale nusu."

Alijipangusa jasho usoni. Kisha akasema, "Pandisha mikeka. Nipe fimbo."

Alitoka mwenyewe, hakukubali kushikwa. Akasimama uwanjani, fimbo wima, na watu wakaja, maana msemaji akisimama hakuna anayebaki jikoni.

"Naumwa," alisema. "Homa ninayo, na kinenani kunawaka moto. Minyoo iliyokaa kwangu miaka yote bila hata kunisalimia, jana imekufa. Mnataka niililie? Mke wangu alilala na mguu wake mpaka akafa. Mimi nimelala usiku mmoja. Asiyeweza usiku mmoja, aje hapa aniambie usoni."

Hakuna aliyekwenda. Kwenye nyumba nyingine niliona mikeka ikipandishwa, mmoja baada ya mwingine, na wakuu wakikaa wima na homa zao. Nililia hadharani. Kwa fahari, si kwa kitu kingine.

Pisaina ndiye aliyetangulia kwenye foleni, wanawe nyuma yake. Alipanua kinywa mbele ya Lusia, kisha akanigeukia. "Na nisipoumwa kesho, watu watanionaje?"

Jioni Lusia alikuja kuaga. Akamwambia baba kwamba mwakani, dawa zikirudi, itafaa tupange upya: vijana watangulie, wazee wachanganywe nao, kijiji kisipate hofu tena.

Baba alikuwa ameegemea nguzo, fimbo bado mkononi.

"Mwakani," alisema, "wakuu kwanza. Tangu lini mkubwa akamtanguliza mtoto kwenye maumivu?"